Siku Niliyompumzisha Mama Mkubwa

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kulisikia likisimuliwa na watu wengine, tena kwa chumvi ambayo sikuitia mimi, na aibu ikiwa ni yangu basi afadhali niibebe kwa mikono yangu. Mpaka leo nikishuka tu kwenye bodaboda pale ufukweni Kibirizi, kuna mwanamke mmoja (jina lake silitaji, anajijua, na akisikia atacheka) lazima aniulize leo nimekuja kumpumzisha nani, na wenzake wote walioinamia dagaa wanainuka kunitazama. Nami najibu kwamba nimekuja kununua dagaa tu, wao wanacheka, na mimi nimeshazoea.

Naitwa Zaituni, wengi wananiita Zai. Nakaa Kasingirima, na kazi yangu ni ya steshenari mjini Kigoma, si mbali na stesheni ya reli. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu wanaoomba kazi, na yote hayo huku mtu amesimama juu ya kichwa changu ananiambia dada fanya haraka, nawahi boti. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, napenda karatasi ipendeze. Nikiona herufi zimebanana au kichwa cha habari kimekaa upande naumwa kabisa, na kwa ugonjwa huo nikajifunza mwenyewe programu fulani ya kupanga kurasa, siyo ile ya kawaida ambayo kila mtu anayo, hii unaandika maneno yako pamoja na amri zake, halafu kuna templeti, yaani kiolezo kilichokwisha kupangwa, ndiyo inakutengenezea kila kitu yenyewe: vichwa vya habari, namba za kurasa, majedwali, hadi tarehe ya siku hiyo inajiandika bila kuiambia. Karatasi ikitoka humo utadhani imetoka wizarani. (Shikeni hapo kwenye wizarani, maana ndipo balaa lilipotoka.)

Tatizo ni kwamba wateja wangu hawakujali. Mtu anachukua barua yake iliyopangwa vizuri kama kurasa za kitabu, anaikunja mara nne, anaitia mfuko wa nyuma wa suruali, anaondoka. Kwa hiyo siku Pili aliponijia na kazi ya kikundi nilifurahi kupita kiasi, na mimi nikifurahi kupita kiasi huwa sifikiri.

Pili ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, na ni katibu wa kikundi cha wanawake waanika dagaa pale Kibirizi. Mwenyekiti wao, tangu siku kikundi kilipoanza, ni Mama Mkubwa wangu, Mama Mwamvita, dada yake mama yangu mzazi. Mama alipofariki nikiwa darasa la pili, huyu ndiye aliyenichukua akanilea, na mpaka leo nikisema nyumbani nina maana kwake. Basi Pili akasema kikundi kimetakiwa kiwe na makaratasi ya kueleweka, katiba, barua, mihtasari ya mikutano, vyote vimepigwa chapa, wakati wao walichokuwa nacho ni daftari moja la mkono ambalo ukilifungua linanuka dagaa hadi jalada. Akaniomba niwatengenezee sampuli tu kwanza, awaonyeshe wenzake, wakizipenda ndiyo waniletee kazi yenyewe.

Nikatengeneza sampuli tatu. Barua haikuwa na neno. Katiba haikuwa na neno. Kilichoniponza ni muhtasari wa mkutano.

Mnajua templeti ikiwa tupu haionyeshi kitu, lazima uijaze maneno ndipo mtu aone itakavyokaa. Wenzangu wanaoijua kazi hii wanajaza maneno yasiyo na maana, herufi herufi tu. Mimi nikasema hapana, hawa ni mama zangu, wakiona majina yao yamepangwa vizuri watafurahi, kwa hiyo nikakaa nikautunga mkutano mzima ambao haujawahi kufanyika. Nikaandika aliyefungua na dua, nikaandika ajenda ya usafi wa vichanja vya kuanikia, kisha nikafika sehemu ya maazimio, na pale nikataka azimio lenye uzito, maana azimio la kufagia halijazi hata mstari. Basi likanijia la kubadilisha mwenyekiti. Nikaandika kwamba mkutano umeridhia kwa kauli moja Mwenyekiti, Mama Mwamvita, apumzike, na nafasi yake ishikwe na Mama Konsolata. Kwa nini Mama Konsolata? Kwa sababu jina lake ni refu na nilitaka kuona kama litaenea kwenye safu ya jedwali. Wallahi sababu ni hiyo tu, hakuna nyingine.

Na neno lenyewe, apumzike, nililichagua kwa adabu. Nilianza na aondolewe, nikaona namvunjia heshima Mama Mkubwa hata kama ni karatasi ya kujaribia, nikafuta nikaweka apumzike, nikajisifu moyoni.

Hapo bado. Nikataka nione templeti inavyokaa na picha, nikamweka Mama Mkubwa juu ya ukurasa wa kwanza, ile picha yake ya Idd, amejifunika mtandio mweupe, anatabasamu kidogo, nikaizungushia duara jembamba, na templeti kwa mapambo yake ikaweka mstari mnene mweusi juu na chini. Mwisho kabisa ikabidi nijaribu orodha ya waliohudhuria itakavyoruka kutoka ukurasa wa pili kwenda wa tatu, nikahitaji watu ishirini na wanne, mimi niliyekuwa nawakumbuka ni kumi na wawili, waliobaki nikawatunga huku nacheka peke yangu dukani. Sahihi nazo nikaziwekea yale maandishi yaliyolala kama ya kalamu.

Sasa templeti ile ina jambo moja zuri, ukiiambia hii ni ya kujaribia inakuandikia neno MFANO kwa herufi kubwa za kijivu, linapita mshazari katikati ya kila ukurasa. Likapita juu ya uso wa Mama Mkubwa. Herufi ya F ikamkalia puani. Nikaangalia, nikaona hii siyo heshima, mtu amekulea halafu wewe unamwandika puani, nikalifuta. Ndiyo kosa langu lote, jamani, hilo hapo. Yaliyofuata yote yalitoka kwenye kufuta neno moja kwa ajili ya adabu.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nikamtumia Pili kwenye simu, kifurushi changu kikaisha hapo hapo, nikafunga duka nikarudi Kasingirima nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

Jumamosi asubuhi nimeshafungua duka, namwona Mama Mkubwa anaingia. Nikashangaa kidogo, maana siku ambayo boti zimeleta dagaa huwezi kumtoa Kibirizi hata kwa nini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamvutia kiti, hakukaa. Akafungua pindo la kanga, akatoa muhuri wa kikundi, akauweka juu ya meza yangu polepole, na daftari la mahudhurio akaliweka pembeni yake.

"Nimeuleta muhuri," akasema.

"Afadhali, Mama, nilikuwa nauhitaji."

Akanitazama. "Ulikuwa unauhitaji."

"Ee, niugonge kwenye karatasi ikamilike. Bila muhuri haipendezi."

"Haya, mwanangu. Basi nimekurahisishia."

Nikamwambia asubiri nimletee soda, akasema ana dagaa juani, akaondoka. Na mimi (hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke hata leo ninaposimulia) nilichapa ule muhtasari, nikachukua muhuri, nikaugonga vizuri kabisa juu ya sahihi, nikaupuliza ukauke, nikausogeza mbali kidogo niutazame. Ulipendeza kweli.

Haikupita muda akaingia dereva mmoja wa bodaboda anayeegesha nje ya duka, akavua kofia, akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema pole ya msiba, amesikia kuhusu Mama Mkubwa wangu wa Kibirizi. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, kwamba Mama Mkubwa ametoka hapa sasa hivi, tumeongea. Yule kijana akanitazama kwa huruma kubwa, akaniambia ndiyo, dada, inatokea, mtu akiwa bado hajapokea habari anaweza kumwona kabisa. Akaniuliza kama nina ndugu wa kuwa nami.

Nikaunga kifurushi, na simu ikaanza kulia bila kupumua. Grupu la ukoo wetu, wengi wao wako Kagunga kule karibu na mpaka, lilikuwa limejaa vilio. Juu kabisa kulikuwa na picha ya ukurasa wangu wa kwanza, yaani ile sehemu ya juu tu inayoonekana kabla hujaufungua: Mama Mkubwa ndani ya duara, mtandio mweupe, mistari myeusi, jina lake kwa herufi nzito. Chini yake shangazi mmoja alikuwa ametuma sauti, anasema kwa kilio kwamba ameletewa karatasi kutoka Kibirizi, Mwamvita amepumzika. Nanyi mnajua kwetu mtu akiambiwa fulani amepumzika haulizi amepumzika kazi gani. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Mjomba Hamisi, mdogo wake Mama Mkubwa, ulioandikwa alfajiri: tumeshapanda boti, msizike mpaka tufike. Nikapiga. Haipatikani. Wako ziwani, mtandao wa nani?

Nikafungua grupu la kikundi, nikidhani huko angalau wanajua. Kule hakukuwa na msiba, kulikuwa na sherehe. Hongera Mama Konso. Mungu akutangulie Mama Konso. Pili alikuwa ametuma sampuli zangu, na chini yake ameandika, "Kazi ya Zai hiyo, mnaonaje?" nao wakadhani wanaulizwa wanayaonaje mabadiliko. Kila mmoja alidhani mkutano ulifanyika na yeye ndiye hakuitwa, na kwa kuwa karatasi ilikuwa nzuri kiasi kile, hakuna aliyethubutu kuuliza. Pili ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba ni sampuli, na Pili alikuwa ameenda ukweni Kalinzi, simu yake imezimwa.

Hapo macho yangu yakaanguka juu ya meza, nikauona muhuri, na daftari pembeni yake.

Nilielewa, jamani. Nilielewa yote kwa mara moja. Mama Mkubwa hakuja kunisaidia. Alikuja kukabidhi. Na mimi nimemwambia afadhali.

Nikaitia ile karatasi mkobani, nikarukia bodaboda ya yule yule kijana, nikamwambia Kibirizi, na njia nzima anaendesha taratibu kwa sababu anajua amebeba mfiwa, mimi namwambia ongeza mwendo, yeye ananiambia haraka haitamrudisha, dada. Nikaanza kulia, naye akaona amefanya vizuri kunipa nafasi ya kulia.

Tulifika boti ya Kagunga inaingia. Niliwasikia kabla sijawaona vizuri, kilio cha wanawake wengi kwa pamoja kinavuka maji kinakuja nchi kavu, na watu wote pale ufukweni, wapakiaji, wauza chai, abiria wenye mizigo, wamesimama kutazama. Mama Konsolata alikuwa amevaa kitenge kipya, katikati ya wanawake wa kikundi, naye hajui kilio ni cha nani. Mama Mkubwa alikuwa mbali, mwisho kabisa wa vichanja, peke yake, ametupa mgongo anageuza dagaa wake. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Walikuwa wanamwonea haya.

Mjomba Hamisi hakusubiri boti ifungwe. Aliruka majini, maji yakamfika magotini, bunda la kitambaa cheupe ameliinua juu ya kichwa lisilowe, akaja moja kwa moja mpaka kwangu akanikumbatia kwa mkono mmoja, mtu mzima analia hadi anakwama, ananiuliza kama wamechelewa, kama tumeshazika.

"Mjomba, hatujazika," nikasema. "Yule pale, anageuza dagaa."

Akaniangalia kwa huruma kama ile ya dereva wa bodaboda. Lakini Mama Mkubwa naye alikuwa amesikia sauti ya mdogo wake, akageuka, akaja anajifuta mikono kwenye kanga, na wale wanawake kwenye boti mmoja mmoja wakaanza kunyamaza, mpaka nikasikia bibi mmoja anasema polepole, "Mana yanje," yaani Mungu wangu, akakaa juu ya gunia la mtu.

Mama Mkubwa akafika, akatutazama, akalitazama bunda.

"Hamisi," akasema, "hiyo sanda ni ya nani?"

Mjomba wangu, mwenye watoto saba, alikaa chini kwenye maji.

Basi ikabidi nizungumze. Ufukwe mzima umenizunguka, Kagunga upande huu, Kibirizi upande ule, na watu wasiohusika wengi kuliko wote, mimi katikati, naanza kueleza templeti. Mmewahi kueleza templeti kwa watu waliobeba sanda? Nikasema kuna programu, inapanga kurasa. Nikasema ile ilikuwa ni sampuli ya kuonyesha. Mzee mmoja akauliza sampuli ya msiba inaonyeshwa kwa nani. Nikaona maneno hayatoshi, nikatoa ile karatasi kwenye mkoba ili waone kwa macho yao kwamba ni ya kujaribia tu, nikainyoosha juu, na kila mtu akaona kitu kimoja tu, muhuri wa kikundi, wa bluu, mpya kabisa. Watu wakaguna wote kwa pamoja. Mama Konsolata akasema kwa upole kwamba mwanangu, kama tumekosea sisi utuambie, lakini hapo mbona pamegongwa.

Nikasema nimegonga mimi. Wakasema, kumbe.

Kila nilichosema kilinizamisha. Tarehe nayo ilikuwa ya siku ile ile, kwa sababu templeti inajiandikia yenyewe kila unapochapa, na nilipoeleza hilo nikasikia mtu nyuma anasema hata tarehe anaisingizia mashine. Nikatamani kupanda boti ile niende Kagunga nikaanze maisha mapya.

Aliyeniokoa ni Mama Mkubwa mwenyewe. Akasema nisome. Nikaanza na azimio la tatu, akanikatiza.

"Hilo nilisomewa jana na jirani. Soma yote, mpaka mwisho."

Nikasoma. Dua, ajenda, usafi wa vichanja, azimio. Nikaanza orodha ya waliohudhuria, moja hadi kumi na mbili, majina ya kweli, na wenye majina wanatazamana, kila mmoja anamwambia mwenzake mimi sikuwepo. Nikageuza ukurasa wa tatu, ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia kwenye simu yake, na hapo ndipo nikakumbuka nilichoandika.

Kumi na tatu, Mama Kuhe. Kumi na nne, Mama Migebuka. Kumi na tano, Mama Migebuka Mdogo. Kumi na sita, Bi Dagaa binti Dagaa. Samaki wa ziwani watupu. Kicheko cha kwanza kilitokea nyuma, kwa wauza chai. Nikaendelea, sina namna, kumi na saba, Bi Kichanja, kumi na nane, Bi Kichanja Kilichovunjika, na kufikia ishirini hawakuwa wananisikia tena, wanawake wameshikana mabega, Mjomba Hamisi yuko majini bado anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na nilipomaliza na ishirini na nne, Paka wa Pili, na chini yake waliotoa udhuru, Mvua, yule mzee aliyeuliza habari ya sampuli ya msiba aliomba nirudie kumi na nane.

Mama Konsolata alikuja akanishika mikono yote miwili. Akaniambia hakulala usiku kucha, kwamba kazi ile haiwezi, ugomvi wa wanawake wa vichanja hauwezi, na alivaa kitenge kipya kwa sababu mumewe alimwambia mwenyekiti havai kuukuu. Alikuwa amefurahi kuliko mtu yeyote pale, hata kuliko waliokuja kuzika.

Lakini Mama Mkubwa hakucheka. Alinivuta pembeni, tukasimama kati ya vichanja viwili, harufu ya dagaa imetuzunguka, akaniuliza kwa sauti ya chini, na kule dukani niliposema nauhitaji muhuri, nilikuwa na maana gani. Nikamwambia nilidhani ameniletea niipambe karatasi. Nikamwambia nilikuwa sijaona simu. Nikamuuliza, na machozi yananitoka, kwa nini hakuniuliza pale pale, kwa nini hakunitukana hata kidogo.

"Ningeuliza nini, Zaituni? Tangu una miaka tisa wewe ndiye unayenisomea. Barua, cheti cha hospitali, karatasi ya kiwanja, yote umenisomea wewe. Hujawahi kunisomea uongo hata siku moja. Waliponiambia Zai ndiye aliyeandika, nikasema basi ni kweli, watu wamenichoka, ila mtoto ameshindwa kuniambia usoni."

Nililia kilio ambacho boti nzima ya Kagunga haikukilia. Nilimwangukia miguuni pale pale mchangani, akaniinua, akanipangusa kwa pindo lile lile la kanga alilofungia muhuri, akaniambia ninyamaze, watu watadhani amekufa tena. Ndipo akacheka. Na alipoanza hakuweza kuacha, akashika kichanja, akanishika mimi, anarudia tu, Bi Dagaa binti Dagaa. Sijui niwaelezeje nilivyohisi. Nilikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, nikabaki nimesimama siamini kwamba naweza kunyooka.

Watu wa Kagunga walikuwa wamekuja na unga wa muhogo na migebuka mikavu ya kulisha matanga, sasa vitarudishwaje? Ukasongwa ugali hapo hapo, kikundi kikatoa dagaa, Kagunga na Kibirizi wakala pamoja, na wale wasiohusika wakala pia kwa sababu walishashiriki kilio. Sanda Mjomba Hamisi alitaka kuirudisha dukani, Mama Mkubwa akakataa, akasema ni kitambaa kizuri, akaiweka. (Alishonea mapazia. Yako sebuleni kwake, na kila nikiingia ananionyesha.) Muhuri na daftari nilienda kuvileta siku hiyo hiyo, nikamkabidhi kwa mikono miwili mbele ya wote, na Pili aliporudi kutoka Kalinzi Jumapili akawasha simu yake, ile nusu saa ya kwanza mwacheni aisimulie mwenyewe.

Kazi ya kikundi nilipewa, msinionee huruma. Walisema mtu ambaye karatasi yake imeweza kuitoa boti Kagunga, huyo anajua kazi. Lakini nimeapa, na kiapo changu nakishika: jina la mtu aliye hai sitaliandika tena kwenye sampuli, hata liwe refu kiasi gani na safu iwe nyembamba kiasi gani. Na karatasi yoyote inayomhusu Mama Mkubwa siitumi kwa mtu kabla sijaenda kwake kwanza, nikakaa naye kando ya vichanja, nikamsomea ukurasa hadi ukurasa. Ananisikiliza huku mikono yake inachambua dagaa, nikimaliza ananiuliza kama hiyo ni ya kweli au ya kujaribia. Nikimwambia ni ya kweli, haulizi mara ya pili. Bado ananiamini, jamani.